Nilihesabu Saba

Mnaniuliza habari za vita, nami nina habari za miguu.
Siku ya tatu nyayo hugeuka nyeupe,
ya tano ngozi hutoka na soksi
kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Tulikuwa sita. Luteni Zaldumbide wa Quito,
kijana wa baridi na mawe,
aliyejifunza msitu kwa ramani, kisha kwa homa.
Chiriap na redio, betri kaivisha kondomu
(tulicheka sana, kabla ya kuingia).
Jimpikit. Tsenkush. Kajekai mbele,
na mimi nyuma ya Kajekai,
nikikanyaga pale pale alipokanyaga.

Sabuni marufuku. Sigara marufuku. Panga lilale alani.
Tawi likikuzuia, liinue, pita, lirudishe
taratibu, kama mgeni afungaye mlango
wa nyumba ya watu waliolala.
Mita mia mbili kwa saa; siku nyingine hata mia hazikufika.
Haraka haraka haina baraka, husema wenye muda.
Kwetu haraka ilikuwa na kishindo,
na kishindo hujibiwa.

Usiku tulifungana kamba, mkono kwa mkono.
Mvuto mmoja: zamu yako.
Miwili: kuna mtu.
Mitatu hatukuipa maana,
lakini Tsenkush aliivuta mara tatu usiku wa nane,
na tulipomuuliza kulipokucha, kwa vidole na macho,
aliandika kwenye tope kwa kijiti:
nilitaka kujua kama mpo.

Siku ya tisa, chini ya korongo, kando ya kijito
kiendacho kumwaga maji Cenepa,
tukawaona. Tulilala kifudifudi tangu alfajiri.
Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Bunduki sita. Bombomu moja, mdomo umezibwa kwa jani.
Sufuria moja. Wali, kwa harufu. Tumbo langu likanguruma
nikaona aibu kana kwamba limesema jina langu.
Watu saba.

Halafu akatoka wa nane.
Hana bunduki, suruali kaikunja magotini,
akakaa juu ya jiwe, hatua kumi na tano kutoka kwenye pua yangu,
akatia miguu majini.
Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo.
Chungu mweusi akamuuma pajani,
naye akamtukana yule chungu,
yeye na mama yake na shimo lake,
kwa maneno ya nyumbani kwetu.
Si Kihispania. Maneno yale yale,
na kituo pale pale anapotua mama yangu akiungua na chungu cha moto.

Mwampis wa ng'ambo. Wao na sisi
mpaka ulitukuta hapa tukilima mihogo.
Kajekai alinitazama. Nilimtazama Kajekai.
Kamba ilikuwa mfukoni.

Fomu ya ripoti ina safu ya idadi, safu ya silaha,
safu ya saa na ya mahali.
Nikaandika saba.
Luteni akasoma, akatia sahihi, mkono ukimtetemeka kwa homa.

Tukirudi, siku ya kumi na moja, Jimpikit alikanyaga plastiki
iliyozikwa na mmoja wao, au mmoja wetu,
mvua ilikuwa imekwisha kufuta mwandiko.
Tulimbeba siku mbili. Alikuwa mzito kuliko mtu mzima
ingawa kilichobaki kilikuwa pungufu.
Sijawahi kumwambia juu ya wa nane.
Hunikaribisha chicha, huegemeza gongo lake ukutani,
nami hunywa.

Siku hizi mpaka una soko, kila Jumamosi.
Wanavuka na samaki wakavu, chumvi, betri, vifaranga.
Mke wangu hunigomba: mbona hununui kitu,
mbona huwatazami watu usoni,
umeinama tu kama uliyeangusha sarafu.

Namwambia natafuta viatu vya bei nafuu.
Wengi wao, ashukuriwe Mungu, huvaa ndala.